Kurekebisha na Kutunza Msumeno wa Mkanda: Mwongozo Kamili kwa Karakana za Lamu

Fundi akisema msumeno wake wa mkanda umeharibika, mara nyingi mashine yenyewe ni nzima. Bledi, ule mkanda wa chuma wenye meno unaozunguka juu ya magurudumu mawili, imekuwa butu, au unga wa mbao umegandamana kwenye mipira ya magurudumu, au mtu amekaza vielekezi, vile vipande vinavyoizuia bledi isiyumbe, wakati bledi haijakaa mahali pake. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona zaidi. Watu huanza kurekebisha pale macho yanapofika kwanza, karibu na meza, ilhali ugonjwa uko juu, nyuma ya kifuniko. Kila wakibana vielekezi ili kuilazimisha bledi inyooke, bledi inapata moto, inapoteza ukali na mwisho inakatika kwenye kiungo, pale ncha zake zilipoungwa.

Kwa hiyo shika mpangilio huu na usiuruke: magurudumu, mkazo, mkao wa bledi juu ya gurudumu, meza, na vielekezi mwisho kabisa. Kila hatua inategemea iliyotangulia. Ukibadilisha mkazo baada ya kupanga vielekezi, itabidi uvipange upya.

Vipimo nitakavyotaja ni vya mashine yenye magurudumu mawili ya inchi 14, karibu milimita 350, kwa sababu hiyo ndiyo inayoingia kwenye karakana za vichochoroni bila kubomoa mlango. Kubwa zaidi hufuata kanuni hizi hizi.

Kabla ya kugusa chochote

Chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, na kusubiri umeme ukatike ndiyo hatari zaidi: ukirudi, mashine yenye swichi ya kawaida iliyoachwa imewashwa itaanza kuzunguka yenyewe, na huenda vidole vyako viko ndani ya kasha. Mwambie fundi umeme akufungie swichi ya sumaku, ile ambayo umeme ukipotea inajiachia na haiwaki tena mpaka uibonyeze.

Unapoishika bledi mkononi kuifunga au kuikunja, vaa glavu za ngozi na miwani. Mashine ikizunguka, vua glavu, maana uzi mmoja ukinaswa na meno mkono wote unafuata. Kikoi ni vazi zuri kwa joto la huku, lakini mbele ya mashine kipinde na ukifunge vizuri, au vaa suruali tu.

Mashine iliyotoka safarini

Hakuna mashine inayofika Lamu mjini bila kupanda chombo. Inashuka kwenye lori Mokowe, inapakiwa mashuani, inapandishwa gatini, halafu inamalizia safari kwa mkokoteni au mabegani mwa mahamali. Katika kila kituo kuna mtu atakayeishika mahali pasipofaa. Waambie mapema: isishikwe meza, wala gurudumu la juu, wala nguzo ya vielekezi. Ishikwe kitako na uti wa chuma unaobeba magurudumu. Ikiwezekana ifungue meza uisafirishe peke yake. Ni bolti chache tu, na meza ya chuma cha kusubu ni nzito kiasi cha kupindisha kile kinachoishikilia, mashine ikilazwa vibaya.

Ukifika, tafuta mahali pa kuisimamisha. Sakafu za nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa hazina usawa, na mashine inayoyumba inapeleka kila mtikiso kwenye bledi. Weka pimamaji juu ya meza, piga kabari za mbao ngumu chini ya miguu mpaka itulie, kisha ifunge kwa bolti kwenye kitako chake.

Umeme wetu ni wa volti 240, lakini waya mrefu na mwembamba wa kuongezea unaupunguza kabla haujafika kwenye mota. Mota ya nguvu farasi 1.5, sawa na wati 1,100 hivi, inataka waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, mfupi iwezekanavyo, usiotumika ukiwa bado umeviringwa. Mota ikinguruma bila kuzunguka, zima haraka. Huenda umeme ni dhaifu, huenda kapasita imekufa. Kapasita mwachie fundi umeme, kwa sababu huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Magurudumu na mipira yake

Fungua vifuniko, toa bledi, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Linatakiwa lizunguke kimya na kwa wepesi. Ukihisi mkwaruzo, beringi imeingia kutu au mchanga, badilisha. Kisha lishike gurudumu juu na chini, ulitikise mbele na nyuma. Likicheza, kaza au badilisha beringi kabla ya kwenda mbele, maana kila utakachorekebisha baada ya hapo kitakuwa cha kubahatisha.

Sasa mipira. Ipitishe kidole mzunguko mzima. Unga wa mwembe wenye utomvu hugandamana ukawa kama lami, na kila donge likipita chini ya bledi linaisukuma. Likwangue kwa kipande cha mbao, kamwe si kwa bisibisi, kisha pitisha msasa namba 120 kidogo ili mpira uliong'aa upate kushika tena. Usiusugue ukawa bapa: mipira mingi imebinuka kidogo katikati makusudi, na ule mbinuko ndio unaoiweka bledi isihame. Mpira wenye nyufa au uliolegea ubadilishwe, na ibadilishwe yote miwili pamoja.

Halafu kuna suala la magurudumu kuwa kwenye usawa mmoja. Funga bledi, ikaze kama ya kazi, uchukue ubao mnyoofu wenye urefu wa kutosha uuegemeze kwenye nyuso za magurudumu yote mawili, pembeni mwa meza. Ubao ugusane na kingo za juu na za chini za kila gurudumu. Gurudumu moja likiwa ndani zaidi kwa milimita 2 au 3, unalitoa nje kwa kuongeza washa (pete bapa ya chuma) nyuma yake kwenye mhimili. Fanya kazi hii kwa mashine iliyotoka safarini, iliyoanguka, au ambayo bledi yake haitulii hata ufanyeje. Kama bledi imetulia na inakata sawa, tofauti ndogo iache. Nimeona mashine nzima zikivurugwa na mafundi waliotaka ukamilifu wa kitabuni.

Belti ya mota nayo itazame hapo hapo. Ukiibonyeza katikati kwa kidole gumba, ishuke kama milimita 10. Ikilegea, bledi itasimama ndani ya mbao huku mota inazunguka.

Bledi gani kwa mbao gani

Hapa ndipo pesa inapopotea au kuokolewa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Urefu kwanza. Pandisha gurudumu la juu hadi karibu na mwisho, ulishushe tena sentimita 2 hivi, pima kutoka katikati ya mhimili wa juu hadi katikati ya mhimili wa chini. Zidisha kipimo hicho kwa 2, ongeza kipenyo cha gurudumu mara 3.14. Kwa magurudumu ya milimita 350 na mihimili iliyoachana milimita 638, ni 1,276 na 1,099, jumla milimita 2,375. Andika nambari hiyo kwa rangi ndani ya kifuniko cha mashine, utaihitaji kila unapoagiza Mombasa.

Unene: kwa magurudumu ya inchi 11 hadi 18, chukua bledi ya milimita 0.64, ambayo wauzaji huandika 0.025 ya inchi. Muuzaji atakushawishi uchukue ya 0.032 kwa kuwa ni nene na imara. Bledi nene ikipindwa kwenye gurudumu dogo mara mamia kwa dakika hupata nyufa mapema. Kwa mashine ndogo, nyembamba ndiyo inayodumu.

Upana unaamua unaweza kukata tao la kubana kiasi gani. Vipimo hivi ni nusu kipenyo kidogo kabisa ambacho bledi itapinda bila kulazimishwa:

- bledi ya milimita 3: nusu kipenyo cha milimita 5
- ya milimita 6: milimita 16
- ya milimita 10: milimita 37
- ya milimita 13: milimita 64
- ya milimita 19: milimita 138

Mgongo wa kiti cha enzi, taji la mlango au miguu ya meza ndogo unaifanya kwa bledi ya milimita 6. Tao kubwa la fremu ya mlango, ya 10 inatosha na inakata kwa unyoofu zaidi. Kupasua ubao kwa unene wake, tumia 13 au 19. Mashine nyingi za inchi 14 huandikiwa kwamba zinabeba bledi ya milimita 19. Zinaibeba, ila springi nyingi haziwezi kuikaza ipasavyo. Mimi ningebaki na 13.

Meno: wakati wowote yasipungue 3 ndani ya mbao, na kwa kazi nyingi 6 hadi 12 ndiyo raha. Ubao wa inchi 1 unataka bledi ya meno 6 kwa inchi. Kupasua gogo la inchi 6, chukua meno 3 kwa inchi yenye mabonde mapana kati ya jino na jino, ili unga upate pa kukaa mpaka utoke nje. Bledi ya meno mengi kwenye mbao nene ndiyo inayoleta moshi.

Halafu mbao zenyewe. Mwembe unachafua. Mwarobaini una nyuzi zinazopishana, hivyo unaivuta bledi huku na huku. Punguza kasi ya kusukuma. Msaji una chembe za mchanga ndani ya nyuzi zake, unaua makali mapema kuliko ugumu wake unavyoonyesha. Mvule unaweza kuficha vijiwe vya chokaa ambavyo huvioni mpaka cheche ziruke. Mnazi ni mgumu pembeni, laini moyoni, kwa hiyo bledi huwa inakimbilia ndani. Ishikilie mbao vizuri unapotoka kwenye gamba. Mbambakofi hauna hila, ni mgumu tu.

Mbao za majahazi ya zamani, zile zinazotengenezewa fremu za picha na viti kwa wageni, zina misumari iliyokatikia ndani. Pitisha sumaku kila upande kabla ya kukata, na popote inaposhika, chimba kwa patasi. Ukipiga msumari mmoja, meno kumi yamekwisha. Weka bledi moja kuukuu kwa kazi hiyo peke yake.

Kufunga bledi, mkazo, na mkao wake

Rudisha nyuma vielekezi vyote, vya juu na vya chini, na beringi za nyuma pia. Bledi isiguswe na kitu chochote isipokuwa magurudumu mawili. Watu wengi huruka hatua hii, na vielekezi vya chini ndivyo vinavyosahaulika kwa kuwa viko gizani chini ya meza.

Pitisha bledi kwenye mwanya wa meza, iweke juu ya magurudumu. Meno yakutazame na yaelekee chini. Yakielekea juu kila unavyoigeuza, ujue bledi imegeuka ndani nje. Ishike kwa mikono miwili uipindue ndani nje, na meno yatakaa sawa.

Kaza kidogo tu, kiasi cha kuishikilia, halafu zungusha gurudumu la juu kwa mkono huku ukitazama. Bledi ikihama mbele au nyuma, geuza kishikio cha kuinamisha gurudumu la juu, robo mzunguko kwa wakati, mpaka itulie katikati ya mpira. Endelea kukaza, zungusha, rekebisha tena. Mkazo unabadilisha mkao, kwa hiyo viwili hivi vinakwenda pamoja mpaka ufike mkazo kamili.

Mkazo kamili ni upi? Kipimo kilichochorwa kwenye mashine kitumie kama mwanzo tu, springi ikizeeka kinadanganya. Njia ya kidole ni hii: pandisha nguzo ya vielekezi milimita 150 juu ya meza, sukuma bledi kwa upande katikati ya nafasi hiyo, kwa nguvu ya kawaida ya kidole kimoja. Ikisogea milimita 6, uko vizuri. Ikisogea zaidi, mkato utapinda tumbo ndani ya mbao nene. Njia nyingine, vielekezi vikiwa bado mbali: funga vifuniko, chomeka, washa, simama pembeni, na upunguze mkazo polepole mpaka uone bledi inatikisika. Kaza mpaka iache kutikisika, kisha ongeza robo mzunguko. Hii ya pili naiamini zaidi kwa bledi nyembamba.

Ukimaliza, kaza nati ya kufungia kishikio cha mwinamo. Wengi huiacha, na mtikiso unakirudisha kishikio taratibu.

Meza na mchepuko

Weka guniya, kile kipimo cha pembe ya nyuzi 90, mezani, iegemeze kwenye ubavu wa bledi, kati ya meno, kwa sababu meno yamepanuliwa kushoto na kulia na yatakudanganya. Kaza meza ikiwa nyuzi 90, kisha rekebisha bolti ndogo ya kikomo iliyo chini yake ili siku nyingine urudi hapo bila kupima.

Guniya si hakimu wa mwisho. Chukua kipande cha mbao cha inchi 3, anza kukata kidogo, milimita 5 tu, uzime. Mashine ikishasimama, kipindue kipande juu chini, kipeleke nyuma ya bledi, uutazame ule mkato kwa mgongo wa bledi. Mgongo ukiingia moja kwa moja bila kugusa upande wowote, meza iko sawa. Ukigonga ukingo, ile tofauti unayoiona ni mara mbili ya kosa lenyewe, na hata kosa dogo sana linajionyesha.

Sasa mchepuko. Kila bledi ina upande inaoupenda kidogo, na ukiilazimisha ifuate fensi (kiongozi kinachofungwa mezani ili mbao ipite kando yake) iliyonyooka na meza itagoma. Chora mstari mnyoofu sambamba na ukingo wa ubao mrefu, kata kwa mkono bila fensi ukifuata mstari. Ukifika nusu, simamisha mashine bila kuusogeza ubao, uchore kwa penseli juu ya meza kando ya ukingo wa ubao. Mstari huo ndio njia ya bledi hiyo. Panga fensi iufuate. Ukibadilisha bledi, rudia. Mchepuko ukiwa mkubwa kupita kiasi, usipange fensi. Bledi imechakaa upande mmoja, inahitaji kunolewa au kutupwa.

Vielekezi, sasa ndiyo zamu yake

Anza na beringi ya nyuma ya bledi. Isogeze mpaka ibaki nafasi ya kama nusu milimita, unene wa kadi ya mwaliko wa harusi. Mashine ikizunguka bure isiguse. Ukianza kukata, bledi irudi nyuma na kuiegemea. Beringi inayozunguka muda wote inakula mgongo wa bledi na kujila yenyewe.

Vya pembeni vifuate. Visogeze mbele mpaka ukingo wao wa mbele uwe milimita 1 nyuma ya mabonde ya meno. Vikipita hapo, bledi ikirudi nyuma wakati wa kukata meno yatasagwa ndani ya vielekezi, na bledi mpya imekwisha kabla ya ubao wa kwanza. Kwa nafasi ya ubavuni, zungushia bledi kipande cha karatasi ya daftari, sukuma vielekezi viiguse karatasi bila kuisukuma bledi, kaza, vuta karatasi. Fanya juu, kisha chini. Zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko kamili uone kiungo cha bledi kinapita bila kukwama, maana mara nyingi kiungo ni kinene kidogo kuliko bledi.

Pandisha na ushushe nguzo utazame kama nafasi inabaki ile ile. Isipobaki, nguzo imepinda kidogo. Panga vielekezi kwa urefu unaokusudia kukata, na kila ukibadilisha urefu vitazame tena.

Kwa bledi ya milimita 3, vitoe vielekezi vya chuma uweke vya mbao ngumu ulivyovichonga mwenyewe, mpingo au mbambakofi iliyolowekwa kwenye nta ya moto. Hivyo unaweza kuvisogeza hadi kwenye meno bila hofu, na bledi nyembamba inashikiliwa kote. Vikilika, unavisawazisha kwa tupa. Ni bei rahisi kuliko vya dukani, na kwa kazi ya nakshi ndogo ndogo sioni kwa nini mtu atumie vingine.

Wakati wa kukata

Shusha nguzo mpaka vielekezi viwe milimita 6 hadi 10 juu ya mbao. Nafasi kubwa hapo inaacha bledi wazi, inapinda, na inakualika uweke kidole. Acha bledi ifike kasi yake kwanza. Sukuma kwa nguvu ya kuisikia mbao ikiingia. Ukilazimika kuegemea mwili, bledi ni butu.

Boriti usiipeleke mezani ikiwa mviringo mtupu. Bledi inasukuma chini, boriti inazunguka ghafla, inanasa mkono na kukata bledi. Tengeneza kitanda cha mbao chenye bonde la pembe, ilaze boriti ndani, ifunge kwa skrubu au kabari, ukate pamoja na kitanda chake.

Kwa matao ya kubana, kwanza kata mikato mifupi ya kutoka pembeni hadi karibu na mstari, ndipo ufuate mstari. Vipande vitadondoka njiani na bledi itapata pa kugeukia. Ukikwama katikati ya tao, usirudi nyuma mashine ikizunguka, utaivuta bledi itoke kwenye magurudumu. Zima, isubiri isimame, ndipo urudi.

Mafundi wa majahazi wa Matondoni wana miti iliyopinda yenyewe kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za chombo, na tezo inaifanya kazi hiyo toka enzi. Msumeno wa mkanda unawaondolea sehemu nzito: inamisha meza kwa mshazari wa taruma, kata ukiacha milimita 5 nje ya mstari, kisha tezo imalizie. Mshazari unaobadilika kutoka mwanzo hadi mwisho wa taruma usiujaribu kwa kuinamisha meza huku ukikata mpaka uwe na mwenzako wa kushikilia, na awe anaijua mashine.

Unga wa mvule na wa msaji unawasha ngozi na kifua. Vaa barakoa, na ufungue mlango upande wa upepo.

Kunoa na kuunga

Bledi nyeusi kwa utomvu huenda si butu. Ikunje, ilaze kwenye beseni la maji moto na bekingi soda kwa nusu saa, isugue kwa brashi ya plastiki, ikaushe mara moja na kuifuta kwa kitambaa chenye mafuta. Utastaajabu ni ngapi zinafufuka.

Kunoa ni kwa bledi za chuma cha kawaida. Jaribu tupa ndogo ya pembe tatu kwenye jino moja: ikiteleza bila kukata, meno yamekomazwa kwa moto na tupa haifai, itataka jiwe la mashine. Ikikata, bana bledi kwenye jiriwa kati ya vipande viwili vya mbao, tia chaki jino la kwanza, na kila jino lipate idadi ile ile ya vuto, mbili zinatosha. Upande ukinolewa zaidi, bledi itavuta upande huo. Baada ya kunoa mara kadhaa mpanuo wa meno unapungua na bledi inaanza kubanwa ndani ya mkato. Hapo tumia koleo la kupanulia meno, au ikubali imemaliza kazi.

Kuhusu bledi iliyokatika: William Newberry alipata hataza ya msumeno huu Uingereza mwaka 1809, lakini kwa karibu miaka 40 haukufaa kitu kwa sababu bledi zilikuwa zikikatika, mpaka Mfaransa Anne Paulin Crépin alipopata njia ya kuunga na kuiombea hataza mwaka 1846. Kiungo bado ndicho mahali dhaifu. Mashine ikipiga tak, tak, tak kwa mpigo mmoja, zima, tafuta kiungo kilichoinuka au ufa unaoanzia bondeni mwa jino.

Iliyokatika inaweza kulehemiwa kwa fedha, na Lamu haina uhaba wa masonara wanaoijua lehemu hiyo. Saga ncha zote mbili mshazari ili zilaliane milimita 10 hadi 12, moja ikisagwa juu na nyingine chini. Safisha mpaka ziwe nyeupe, usiziguse kwa vidole. Zibane huku mgongo wa bledi ukiwa umeegemea ukingo mnyoofu, maana mgongo ukipinda hapo bledi itacheza milele. Paka dawa ya kulehemia, weka kipande chembamba cha lehemu katikati, pasha moto hadi nyekundu hafifu, bana kwa koleo, acha ipoe yenyewe bila maji. Kisha piga tupa mpaka kidole kisihisi kiungo, upande wowote.

Chumvi na kutu

Hewa ya kisiwani ina chumvi, na unga wa mbao unaoachwa kwenye meza usiku unanyonya unyevu na kuushikilia juu ya chuma. Asubuhi unakuta madoa. Kwa hiyo kufagia jioni ni sehemu ya matengenezo, meza na ndani ya kasha la chini pia, ambako unga hukusanyika chini ya gurudumu.

Meza ipakwe nta ya nyuki au nta ya fanicha, isuguliwe mpaka ing'ae, mara kwa mara wakati wa kaskazi, na mara nyingi zaidi tangu masika yanapoanza na kusi kuingia. Mafuta ya injini yanazuia kutu vile vile, lakini yanaingia kwenye mbao na rangi haitashika. Kutu ikishaanza, iondoe kwa mafuta ya taa na stili wuli, kausha, kisha nta. Mashine usiifunike kwa turubai la plastiki, unyevu utanaswa chini yake. Shuka kuukuu linaacha hewa ipite.

Jioni legeza mkazo. Bledi iliyokazwa usiku kucha inatia alama kwenye mipira na kuchosha springi na beringi. Ukishalegeza, tundika kwenye swichi kibao chenye maandishi "bledi imelegezwa", kwa ajili ya mwanagenzi atakayefika kabla yako.

Bledi za akiba zifute kwa mafuta mepesi, zizungushie karatasi, zitundike ndani, mbali na dirisha la upande wa bahari. Kuikunja: isimamishe mbele yako, mguu mmoja ukiwa umekanyaga kidogo upande wa chini, meno yakitazama mbele. Shika pande mbili, viganja nje, ziinamishe mbele huku ukizungusha viganja kwa ndani, na itajikunja yenyewe kuwa duara tatu ndogo. Funga kwa uzi mahali pawili, na uandike kwenye karatasi upana, meno kwa inchi, na mbao ya mwisho iliyokata.